Uji wa Kwanza wa Sufuria

Sufuria tatu zilikuwa zimegeuzwa kifudifudi kwenye ubao nje ya kibanda cha Mzee Kazimili, kila moja pana kiasi cha mtoto kuweza kuogea ndani yake. Ya nne ilikuwa bado haijazaliwa. Ndivyo alivyosema Kazimili mwenyewe alipomwona binti yake Yuster akivuka barabara ya Lusahunga na mkoba begani, baada ya kusubiri malori mawili ya Rusumo yapite. Alimwambia amekuja wakati mzuri, akae ajionee, maana miaka yote ya shule hajawahi kumwona baba yake akimimina chombo kikubwa namna ile.

Yuster alipiga goti, akamwamkia, akakaa juu ya tairi chakavu mbali kidogo na moto. Alikuwa ametumwa kuzikagua sufuria hizo. Jumatatu gari lingekuja kuzichukua kuzipeleka Ngara, kwenye chekechea ya parokia alikokuwa akifanya kazi ya lishe, kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo.

Mwezi uliopita kamati ya wazazi wa chekechea hiyo ilimwita awaeleze ni vyombo gani vya kupikia vilivyo salama kwa watoto. Jikoni palikuwa na pipa la oili lililokatwa nusu, na kikaango ambacho utando wake mweusi ulikuwa ukibanduka na kuingia kwenye mayai. Aliwaeleza huku akiangalia karatasi kuliko nyuso zao. Pipa liondoke. Kikaango kilichochubuka kiondoke. Vyakula vichachu visilazwe kwenye alumini. Na wakinunua sufuria, wajue imetengenezwa kwa nini. Ikiwezekana iwe ya stenlesi. Mwalimu Gaspari, mkuu wa chekechea, akauliza stenlesi ya kupikia watoto tisini itatoka wapi kama si Mwanza. Hapo Esperansia mpishi akacheka, akasema wanahangaika bure, kwani baba wa huyu binti aliyesimama mbele yao ndiye fundi wa sufuria pale Lusahunga. Yeye mwenyewe anayo moja nyumbani, nayo siku ikiangukia ndoo, ndoo ndiyo inayopasuka.

Watu walipiga makofi. Yuster alifungua mdomo aseme kwamba hajui baba yake anayeyusha kitu gani, lakini kusema hivyo mbele ya watu wazima wanaomshangilia baba yake aliona kama kumvua nguo. Makofi yalipoisha, mdomo ulikuwa umeshafungwa. Kimya hicho ndicho kilichoagiza sufuria nne.

Sasa alimtazama mzee akifanya kazi. Kazimili alikuwa mwembamba, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo meupe, na alipokuwa kwenye moto alionekana kijana. Alitia pistoni za malori, akatia vipande vya gia boksi na sufuria za watu zilizotoboka. Vyote vilipolainika na kuwa maji, akaengua takataka juu kwa upawa mrefu. Kisha akafungua kopo la maziwa ya unga, akachota kwa kiganja vipande vidogo vya kijivu, vilivyopinda kama kucha, akavidondosha ndani. Akachota tena.

Yuster aliuliza ni nini.

"Hiyo ndiyo siri yangu, mayu," alisema Kazimili, akimwita kama Wasukuma wanavyomwita mama, jinsi alivyozoea kumwita anapokuwa na furaha. "Vijana wa gereji huvibandua kwenye rimu za malori, vile vya kusawazishia gurudumu. Bila hivi sufuria inatoka na vitundu. Ukivitia, inamiminika kama asali, na inakuwa nzito. Mteja anapenda nzito."

"Vinaitwaje?"

"Vijana wanaviita risasi."

Aliuliza tena, kwa sauti ndogo, ameanza lini. Kazimili alijibu kwamba ameanza baada ya kuhamia hapa Lusahunga; kule kijijini kwao Shinyanga angevipata wapi. Yuster alihesabu kichwani. Walihama yeye akiwa kidato cha kwanza, tayari amekwenda bweni. Uji wa utoto wake haukuwa umepikwa kwenye sufuria za namna hii.

Mwalimu mmoja wa chuoni aliwahi kuandika ubaoni neno risasi, jina la madini, akapiga mstari chini yake. Aliwaambia haina harufu, haina ladha, wala haibadilishi rangi ya chakula. Huanza na damu na tumbo la mtoto, mwisho hugusa akili, na hakuna kiasi chake ambacho mtu anaweza kusema hiki ni kidogo, mtoto atastahimili. Lilikuja swali la jambo hilo kwenye mtihani na Yuster alilipata. Hakuwahi kufikiri kwamba angekutana nalo tena ndani ya kopo la maziwa, mkononi mwa baba yake.

Alisogea nyuma. Mzee akadhani ni joto, akamwambia aende nyumbani akapumzike, mama yake anamsubiri.

Nyumba ilikuwa nyuma ya magereji, ukipita shamba dogo la mahindi. Josefina, mama yake, alimkumbatia kwa mikono yenye unga, kisha akamsukuma mbele mtoto aliyekuwa amejificha kwenye kanga yake. Huyo alikuwa Wema, mtoto wa Nshoma, kaka yake Yuster anayechimba dhahabu Geita. Aliletwa kwa bibi yake akiwa hajafikisha miaka miwili, na sasa alikuwa anakaribia mitano.

Yuster alimbeba na kushtuka. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyomwacha Pasaka. Alipomvuta chini kope ya jicho, ndani hapakuwa na wekundu. Josefina aliongea kwa wasiwasi wa mtu aliyejieleza mara nyingi. Tumbo linamsumbua, choo anapata kwa shida, chakula anakikataa. Zahanati wamempa dawa ya minyoo mara tatu na dawa ya damu. Na jambo jingine la ajabu: mwaka jana alihesabu mpaka kumi bila kukosea, sasa akifika tano anasimama, anakuangalia kana kwamba wewe ndiye uliyemnyang'anya sita.

"Kitu pekee anachokunywa bila kulia ni uji," alisema Josefina. "Ule wa sufuria."

Yuster alijua kwamba mama yake huzizindua sufuria mpya kabla hazijauzwa, lakini hakuwahi kukaa nyumbani muda wa kutosha kuona inavyofanyika. Sasa alielezwa kwa fahari. Sufuria ikitoka kwenye udongo huwa nyeusi ndani na ina harufu ya moto. Basi Josefina hupika uji wa mtama, akaukoleza ukwaju mpaka meno yapate ganzi, akaulaza humo usiku kucha. Asubuhi ndani panang'aa kama kioo. Ndiyo maana wateja hawaendi kwa fundi mwingine: sufuria ya Kazimili unaibeba leo, unaipikia leo. Na kwa kuwa chakula hakimwagwi, uji ule hupashwa moto ukanywewa. Kikombe cha kwanza ni cha Wema, maana ndiye mdogo, na anaupenda uchachu wake. Wiki hii amekwisha kunywa wa sufuria tatu za Ngara. Wa nne utalazwa leo.

Yuster aliketi kwenye kinu kilicholala. Mama yake aliendelea kuongea, akimwuliza habari za Ngara, kama baridi ya kule bado ni kali na kama amepata mchumba. Yuster alijibu ndiyo na hapana bila kujua lipi limekwenda wapi.

Jioni wakati wa chakula alijaribu. Ugali ulikuwa umeshapakuliwa, naye alishasema ameshiba njiani. Alisema, "Baba, zile risasi." Kazimili akadhani anataka kujua zaidi, akaanza kusimulia jinsi mfanyabiashara mmoja wa Nyamahanga alivyomwomba siri hiyo kwa maneno matamu na yeye akamjibu kwamba siri hii atamrithisha binti yake msomi. Josefina alicheka. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Yuster alitazama jinsi mama yake alivyokuwa akimwangalia mumewe, akashindwa. Aliuacha mdomo ufungwe mara ya pili, na huku nyuma ya nyumba, kwenye sufuria kubwa iliyotoka kumiminwa mchana, uji wa ukwaju ulikuwa ukipoa.

Asubuhi ya Jumapili alitoka nje akamkuta Josefina ameshafunua kifuniko. Sehemu ya uji ilikuwa imepashwa moto, na kikombe cha plastiki cha Wema kilikuwa kimejaa. Mtoto alikuwa amenyoosha mikono yote miwili.

Yuster alikichukua kikombe kabla hakijamfikia. "Usimpe, Mama."

"Umeshapoa."

"Usimpe. Na sisi tusinywe."

Wema alianza kulia. Yuster, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumwaga hata tonge la ugali, alikimimina kikombe chote chini, na kuku wakaja mbio. Akawafukuza kuku. Ndipo mama yake alipoona kwamba jambo si dogo. Kazimili alitoka ndani na mswaki wa mti mdomoni, akauliza mtoto analilia nini.

Yuster aliongea akiitazama ardhi iliyolowa. "Zile risasi unazotia ni sumu, Baba. Zinatoka kwenye sufuria zikaingia kwenye chakula, na kitu kichachu ndicho kinachozitoa zaidi. Mtoto mdogo zinamharibu damu na akili."

Mzee alitoa mswaki mdomoni. Hakukasirika mara moja.

"Umeipima?"

"Hapana."

"Umeiona?"

"Haionekani kwa macho."

"Kitu hukukipima na hukukiona, umekijuaje? Mimi nakula humu miaka kumi, niko mbele yako na miguu miwili."

"Wewe ni mtu mzima, Baba. Mwangalie Wema."

Wote watatu walimwangalia. Mtoto alikuwa amechuchumaa, anachora kwa kidole kwenye tope la uji, shingo nyembamba, midomo imepauka. Yuster alieleza kwamba damu ya mtoto inaweza kupimwa, ila si hapa. Sampuli italazimika kwenda hospitali kubwa Mwanza, na yeye yuko tayari kumpeleka mwenyewe. Pengine hakuna kitu. Lakini hawezi kungoja jibu wakati kikombe kinajazwa kila siku.

Kazimili alimwuliza kama chuo kilimfundisha kuja kumfungia kibanda. Alisema sufuria hizo hizo ndizo zilizompeleka huko alikojifunza kuzitukana. Kwamba angeweza kusema tangu jana, pale motoni, watu wawili wakiongea kazi, badala ya kumwacha acheke mbele ya chakula kama mjinga. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Yuster, kwa sababu lilikuwa kweli.

Josefina hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akihesabu kwa vidole, taratibu, akirudia mkono mmoja mara nyingi.

"Kila sufuria," alisema. "Kila moja, tangu aje hapa."

"Mama, hukujua."

"Baba yako alikuwa akiuza. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia kikombe." Aliyasema hayo bila kulia, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali. "Alipokataa nilimbembeleza. Nilimwimbia mpaka anywe."

Yuster alimshika mkono, mama akauacha ushikwe kama kitu kisicho chake. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa tangu jana bila kulijua vizuri. Alikuwa akidhani anamhofia baba.

Kazimili alimtazama mkewe kwa muda. Kisha alikwenda kwenye ile sufuria kubwa, akatazama ndani kama mtu anayechungulia kisima. Ilikuwa imeng'aa.

Yuster alitoa simu akampigia Mwalimu Gaspari kabla hajaingia misani. Aliiweka simu kwenye spika ili wote wasikie. Alimwambia sufuria hazitakuja. Gaspari alikuwa na haraka na hakufurahi. Gari limeshaombwa, alisema, wazazi wameshatangaziwa, pipa wameshalitupa kwa maneno ya Yuster mwenyewe. Watoto kesho watapikiwa kwenye kofia? Kama sufuria zina tatizo, kwa nini hakusema kwenye kikao, wakati alikuwa amesimama mbele ya watu wote?

"Niliona aibu, Mwalimu," alisema Yuster. "Kosa ni langu."

"Aibu ya nini?"

Kazimili akanyoosha mkono, na Yuster akampa simu.

"Mwalimu, Kazimili hapa," alisema mzee kwa sauti ile anayoitumia kwa wateja. "Gari lisije." Akasikiliza. "Hapana, si bei. Binti yangu anasema hazifai watoto." Akasikiliza tena, macho yake yakiwa kwa Josefina. "Sijui, Mwalimu. Yeye ndiye aliyesoma."

Alirudisha simu bila kumtazama Yuster, akachukua kofia, akaenda kibandani. Baadaye Yuster alipochungulia kati ya mahindi alimwona ameketi kwenye lile tairi. Moto haukuwashwa. Kijana wa gereji alipita akamtania, Mzee leo umeokoka nini, umeanza kushika Jumapili; Kazimili akavuta kofia usoni, na yule kijana akapunguza mwendo, akageuka kumtazama tena.

Wema alikuwa bado hajala. Josefina alifukia viazi vitamu viwili kwenye majivu ya moto, akasema hivyo havihitaji chombo. Lakini mtoto alihitaji pia kitu cha majimaji tumboni. Mama na binti walisimama jikoni wakaangalia rafu. Sufuria saba, kubwa kwa ndogo. Ya ugali, ya maharage, ya maziwa, ya maji ya kunywa. Zote alizimimina Kazimili. Nyumba nzima haikuwa na chombo kingine cha kubandika motoni.

"Nenda kaazime kwa jirani," alisema Josefina.

Yuster alianza kwa Magdalena, mjane auzaye chai kwa madereva. Magdalena alishika kiuno. "Nyumba ya Kazimili ikose sufuria? Kesho utaniambia padri amekuja kuazima rozari." Hata hivyo alimletea moja, safi, imesuguliwa kwa majivu. Yuster aliipokea, na uzito wake ukamwambia kabla hajaigeuza. Chini ya sikio palikuwa na mistari mitatu midogo, alama ambayo Kazimili huikata kwa tindo kwenye kila kazi yake. Alisema ni kubwa mno kwa uji wa mtoto mmoja. Magdalena alisema anayo ndogo. Akaileta, nayo ilikuwa na mistari mitatu. Nyuma yake, kwenye mafiga, chai ya madereva ilikuwa ikichemka kwenye ya tatu, maganda ya malimao yakielea juu. Yuster alishukuru, akasema atarudi baadaye, akatoka haraka kama mtu aliyeiba.

Njiani aliwaza juu ya mnada wa Nyamahanga na barabara ya Nyabusozi, ambako baba yake hupeleka sufuria kwa baiskeli zikiwa zimefungwa kama kichanja. Aliwaza juu ya Esperansia na ile yake moja nyumbani. Miaka kumi. Hakuna aliyekuwa ameandika majina ya wanunuzi.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Audax, fundi wa magurudumu. Mkewe, Iteka, msichana wa rika moja na Yuster, alikuwa ameketi mlangoni na mtoto wa miezi minane mapajani. Mbele yake sufuria ndogo ilikuwa motoni, na pembeni bakuli la ukwaju ulioloweshwa. Alitabasamu, akamkaribisha kwa Kihangaza, kisha kwa Kiswahili. Alisema amesikia kutoka kwa mama yake Yuster kwamba uji wa ukwaju ukiulaza unamsaidia mtoto kupenda kula, na huyu wake ameanza kuupenda kweli.

Yuster alisimama uani. Angeweza kusema anapita tu. Iteka hakuwa amemwuliza kitu, na sikio la sufuria lilikuwa limegeukia upande wa pili, alama haikuonekana. Hakuhitaji kuiona. Iteka alichota kwa kijiko, akapuliza, akakipeleka taratibu kwenye mdomo mdogo uliokuwa umeshafunguka.

"Dada, subiri," alisema Yuster.

Kijiko kilisimama njiani. Iteka alimtazama, bado anatabasamu, akingoja kusikia kuna nini.

"Naomba uipue kwanza hiyo sufuria," alisema Yuster, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Halafu unipe pa kukaa, nikueleze. Ni habari ya baba yangu."